Betri mbili kwa miezi saba: Land Rover ya mzee inapoteza umeme wapi?

Swali: Shikamoo mzee wangu. Niko Mpunguzi, barabara ya Iringa. Marehemu baba alituachia Land Rover 109 Series III ya petroli, ya mwaka 1978, na ndiyo inayotubebea zabibu, maji na mbolea. Ndani ya miezi saba nimenunua betri mpya mbili. Ya kwanza ilikufa, na ya pili imeanza: gari likikaa siku mbili, stata inapiga "tak" tu, mpaka vijana wasukume. Cha ajabu, mwezi uliopita nilikwenda nalo Singida na kurudi, likawaka vizuri karibu wiki nzima. Usiku nikiwa shambani taa kubwa zinafifia kama makaa, na nikikanyaga mafuta haziongezeki. Fundi wa kwanza alichomoa kichwa cha betri injini ikiunguruma, gari likazima, akasema alteneta imekufa. Wa pili akasema alteneta ni nzima kwa sababu taa nyekundu ya chaji haiwaki hata kidogo. Wa tatu anasema kuna waya unakula umeme gari likiwa limelala. Alteneta ninayotajiwa ni ya mtumba na bei yake si ya mchezo. Nianzie wapi?

Jibu: Marahaba mwanangu, na poleni kwa kuondokewa na mzee. Gari la mwaka 1978 ambalo hadi leo linabeba zabibu linastahili kuhangaikiwa.

Mafundi watatu wamekupa majibu matatu, na kwa maelezo yako hakuna hata mmoja aliyetoa mita. Hilo linaniudhi kuliko betri iliyokufa. Lakini umeandika mambo mawili ambayo yeyote mwenye kazi hii angepaswa kuyadaka palepale: taa nyekundu haiwaki hata kidogo, na safari ya Singida iliponya gari kwa wiki. Nikiyaweka pamoja, hata kabla ya kuliona gari lenyewe, naanza kuishuku globu moja ndogo iliyo kwenye dashibodi yako.

Nianze na hiyo taa, maana imewachanganya wengi. Ukifungua swichi ya funguo kabla hujapiga stata, taa ya chaji lazima iwake, sawa na ile ya oili. Injini ikishawaka, inazima. Taa isiyowaka kabisa, swichi ikiwa wazi au injini ikiunguruma, haikuambii kwamba mambo ni shwari. Ni sawa na kusema mlinzi yuko macho kwa sababu hujamsikia akipiga filimbi.

Kwenye Series III alteneta ya kiwandani ni Lucas ya familia ya ACR, na reguleta yake, yaani kidhibiti cha volti, imo humohumo ndani, nyuma, chini ya kifuniko cheusi cha plastiki. Alteneta inafua umeme kwa kuzungusha sumaku katikati ya koili. Sumaku hiyo, ambayo tunaiita rota, si ya kudumu. Ni waya uliozungushwa kwenye chuma, unaogeuka sumaku pale tu unapopewa umeme. Alteneta ikishaanza kufua, inajilisha yenyewe. Lakini mwanzoni kabisa, kabla haijafua chochote, lazima ipewe umeme kidogo wa kuiamsha. Umeme huo unatoka kwenye swichi ya funguo, unapita ndani ya globu ya taa ya chaji, unashuka na waya mwembamba wa kahawia wenye mstari wa njano mpaka alteneta, unaingia kwenye kaboni zinazougusa rota, rota yenyewe, reguleta, na kuishia ethi, yaani chuma cha gari kilichoungwa na hasi ya betri. Globu ni ya wati 2.2, kwa hiyo unaopita hapo haufiki hata robo ya ampia, na unatosha. Alteneta ikiamka, volti za pande zote mbili za globu zinalingana, umeme unakosa pa kwenda, taa inazima.

Kwa hiyo taa ile ni mjumbe na ni njia pia. Globu ikiungua, umeme wa kuamshia haufiki, alteneta nzima kabisa inazunguka siku nzima bila kufua kitu.

Sasa Singida. Chuma cha rota hubakiza usumaku kidogo hata bila umeme. Kwa mwendo wa shambani, gia ya kwanza na ya pili, mzigo mgongoni, usumaku huo hautoshi. Ukishika lami ya Bahi na Manyoni na injini ikazunguka kwa kasi muda mrefu, mara nyingine hutosha: alteneta inajiamsha yenyewe, na ikishaamka inaendelea kuchaji hadi utakapozima injini. Ndiyo maana ulirudi na betri iliyoshiba, na wiki iliyofuata ukaanza tena kuila bila kurudisha.

Niliwahi kuletewa Land Rover ya rika hilohilo na jamaa kutoka Kondoa. Alikuwa amebadilisha betri, mkanda, hadi alteneta, na hali ilikuwa vilevile. Nilipofungua swichi, taa ya chaji iliwaka vizuri tu, nyeupe ya kupendeza. Nyeupe! Kumbe mtu aliyempambia dashibodi alitoa globu zote za zamani akaweka za LED. LED inawaka kwa umeme mdogo mno, kwa hiyo jicho linaona taa lakini rota haipati kitu. Nilichukua globu ndogo ya taa ya nyuma, nikaiunga nyaya mbili, injini ikiwa inaunguruma taratibu. Ncha moja niliiweka kwenye chanya ya betri, nyingine nikaigusisha kwenye kile kidole chembamba cha soketi ya alteneta. Globu iliwaka mkononi mwangu, nikapandisha mafuta kidogo, ikafifia, ikazima. Mita iliyokuwa kwenye betri ilitoka volti 12.2 ikasimama kwenye 14.1. Yule bwana aliitazama mita, akatazama alteneta yake ya zamani iliyokuwa imelala kwenye kasha nyuma ya gari, hakusema neno.

Sitaki lakini na wewe uniamini kwa barua tu. Nunua mita ya dijitali, ile ya kawaida inayouzwa kwenye maduka ya vifaa vya umeme. Bei yake haifiki hata robo ya betri moja, na utaitumia maisha yako yote.

Kabla ya kupima chochote, ipeleke betri kwa mchaji ikachajiwe polepole usiku kucha. Kwa betri ya ampia-saa 70, ampia 5 hadi 7 zinafaa. Kama ina vifuniko, angalia maji kwanza, na uongeze maji ya betri ya dukani tu. Maji ya kisima ya huku kwetu yana chumvi, unaona mwenyewe ule ukoko mweupe kwenye birika, na chumvi hiyo ndani ya betri ni sumu. Usiku huo wa kuchaji ni wa lazima, maana betri iliyolala njaa kwa wiki kadhaa inaota gamba la salfeti kwenye sahani zake na inaanza kudanganya: inaonyesha volti nzuri, ukipiga stata inaanguka. Na joto letu halisaidii. Watu wanadhani betri inauawa na baridi ya Juni. Baridi inaifichua tu, ikiwa imeshachoshwa na joto la Novemba.

Ikitoka kwa mchaji, iache saa chache bila kuiunga popote, kisha pima. Volti 12.6 na kitu, imejaa. 12.2 ni nusu. Chini ya 12 ni njaa. Kama imetoka kuchajiwa usiku kucha na kesho yake inasoma 12.2, betri hiyo nayo imeshaumia, na hakuna alteneta itakayoifufua.

Irudishe kwenye gari, ukianza na kichwa cha chanya, ethi mwisho. Washa injini. Bila kukanyaga mafuta, soma mita. Kisha shikilia mafuta injini izunguke kwa kasi ya wastani, soma tena. Mfumo mzima utakupa kati ya volti 13.8 na 14.4. Ikibaki 12.4 na kuendelea kushuka taratibu, hakuna chaji kabisa. Ikipita 14.8, reguleta imekufa kwa upande wa pili: inachaji kupita kiasi, na hiyo pia inaua betri, inaichemsha mpaka unasikia harufu ya mayai yaliyooza. Kisha washa taa kubwa na usome tena kwa kasi ileile. Hapo ndipo uongo unapotoka. Taa zote pamoja na koili ya injini zinakula kama ampia 15. Bila chaji, saa moja ya kuendesha usiku inakula ampia-saa 15 kutoka kwenye betri yako ya 70. Watu huilaumu stata, ambayo inakula ampia nyingi sana lakini kwa sekunde tatu nne tu.

Tuseme umepata 12.4, jinsi ninavyotarajia. Zima gari, toa kichwa cha ethi cha betri, chomoa soketi nyuma ya alteneta. Utakuta vidole viwili vipana na kimoja chembamba. Vile vipana vya waya mnene wa kahawia viko moja kwa moja na betri wakati wote, hata funguo zikiwa mfukoni, ndiyo maana nimekwambia utoe ethi kwanza. Nimeona spana ikigusa hapo ikabandika kwenye bodi ikitoa moshi. Funika vile vipana kwa utepe, rudisha ethi, fungua swichi bila kuwasha injini. Chukua kipande cha waya, gusisha kile kidole chembamba kwenye chuma safi cha injini, huku mtu anatazama dashibodi.

Taa ikiwaka, globu na waya wake ni wazima, na kosa liko ndani ya alteneta. Isipowaka, kosa liko kati ya swichi na hapo, na mara nyingi ni globu yenyewe au kishikio chake kilichoota kutu. Chomoa globu, itazame kwenye mwanga. Weka mpya ya wati 2.2 ya kawaida, usikubali LED hata kama utaambiwa ni ya kisasa. Kama ni hiyo, umemaliza kazi kwa hela ya soda.

Ikiwa taa iliwaka kwenye jaribio hilo, sitaki uende kununua alteneta bado. Mtuhumiwa wa kwanza ndani ni kaboni. Ni vipande viwili vidogo vinavyosuguana na pete za shaba za rota, na kwa vumbi la huku, hasa ukichanganya na oili inayovuja kwenye injini ya zamani, vinakwama kwenye nyumba zao au vinaisha. Kwenye ACR unazifikia kwa kufungua kifuniko cha nyuma, huhitaji kupasua alteneta. Zikichomoza chini ya milimita 5, badilisha. Pete zikiwa nyeusi, zisugue kwa msasa laini sana mpaka zing'ae. Ukiwa hapohapo, pima omu (ukinzani wa waya) kati ya pete na pete: kwenye rota za aina hii unategemea kitu kati ya 3 na 5. Ikionyesha hakuna njia kabisa, waya wa rota umekatika. Kama kaboni na rota ni nzima, anayefuata kushukiwa ni reguleta, ambayo nayo inabadilishwa peke yake.

Kuhusu fundi wako wa kwanza: alikuwa sahihi kwamba gari halichaji, lakini njia yake naomba usiiruhusu tena. Kuchomoa kichwa cha betri injini ikiunguruma ni mtindo wa enzi za dainamo, mashine ya kuchaji iliyotangulia alteneta. Kwenye alteneta, betri ndiyo inayotuliza volti; ukiiondoa ghafla, volti zinaruka juu na kuchoma reguleta na diodi, vile vipande vinavyoruhusu umeme upite upande mmoja tu. Zipo alteneta zilizoingia gerejini na kosa la kaboni tu, zikatoka na diodi zilizoungua kwa sababu ya jaribio hilo. Kwa bahati yako, kama yako ilikuwa imelala siku ile, hapakuwa na umeme wa kuruka, huenda imesalimika.

Fundi wa tatu naye simtupi, kwa sababu siku mbili ni chache. Gari lako halina kompyuta wala alamu. Likilala halipaswi kula kitu, labda kama mzee aliweka redio yenye saa. Zima kila kitu, toa kichwa cha ethi, weka mita kwenye ampia, kwenye tundu la ampia 10, uiunge kati ya kichwa hicho na betri. Usijaribu kupiga stata mita ikiwa hapo, utaiunguza. Ukiona karibu na sifuri, waya wako ni mzima. Ukiona nusu ampia, piga hesabu: betri iliyojaa nusu tu ina ampia-saa 35, zitakwisha ndani ya saa 70, yaani hata siku tatu hazifiki. Hapo chomoa soketi ya alteneta ukitazama mita. Ikishuka hadi sifuri, diodi moja imetoboka na inarudisha umeme usiku. Isiposhuka, anza kutoa fyuzi mojamoja. Hata hivyo, kwa kisa chako nadhani siku mbili zinatosha kuua betri ambayo haijawahi kujaa, bila mwizi yeyote.

Kitu kimoja cha Land Rover ambacho mafundi waliozoea magari ya Kijapani hukisahau: bodi ni ya aluminiamu na chesisi ni ya chuma. Mahali viwili hivyo vinapokutana kwa bolti, pamoja na maji ya kuoshea gari, panaota unga mweupe, na ethi inakufa hapo kimyakimya. Baada ya kupata chaji, injini ikiunguruma na taa zikiwa zimewaka, weka mita kwenye volti. Ncha moja kwenye kichwa hasi cha betri, nyingine kwenye mwili wa alteneta. Ikizidi volti 0.2, ethi yako ni mbovu. Fanya hivyo upande wa chanya pia, kati ya waya mnene wa kahawia nyuma ya alteneta na kichwa chanya cha betri. Hapo isizidi 0.5. Kuna Land Rover moja niliyoikuta waya wake wa choki umepata moto hadi plastiki imeyeyuka. Utepe wa ethi wa injini ulikuwa umekatika, na umeme wa stata wote ulikuwa unatafuta njia ya kurudi kupitia waya wa choki. Mwenye gari alikuwa anajiandaa kununua stata.

Mkanda nimeuacha nyuma kwa sababu haujalalamika. Ukiubonyeza katikati kwa dole gumba ushuke kama sentimita moja. Ukiwa umelegea ungesikia kilio asubuhi ukiwasha taa.

Na kwa msomaji mwingine mwenye Series II ambaye atataka kuyafuata haya: usifuate. Gari lako lina dainamo na sanduku la reguleta ukutani, na baadhi ya hayo magari, yale ya kabla ya mwisho wa miaka ya 1960, yana ethi ya chanya. Taa ya chaji kupepesa gari likiwa limesimama na injini ikizunguka taratibu ni kawaida yake. Ukililetea mchezo wa kugusisha nyaya nilioueleza hapa, utaharibu.

Ukishabadilisha globu, rudia kipimo cha volti, bila taa na ukiwa na taa. Namba ikisimama kwenye 14 na kidogo, peleka betri ile ya pili ikapimwe kwa mzigo kabla hujanunua ya tatu. Inawezekana bado ina uhai. Na ukiishia kwenye rota iliyokatika au diodi, basi hapo ndipo upige simu kwa mwenye alteneta ya mtumba. Mwambie aifungue kifuniko cha nyuma mbele yako, uone kaboni na pete, uizungushe kwa mkono usikilize beringi, na upime omu za rota ukiwa bado umeshika hela yako.